Shirikisho la Sayari katika Star Trek: tamthilia ipi ifuatwe na anayetaka kuielewa serikali hiyo?

Anayetaka kuifuata historia ya Shirikisho la Sayari, serikali ya kubuni ambayo mabaharia wa anga wa Star Trek huitumikia, hukutana kwanza na kizuizi cha wingi. Tamthilia tano nitakazozilinganisha hapa, yaani ile ya kwanza iliyorushwa kati ya 1966 na 1969, The Next Generation, Deep Space Nine, Enterprise na Discovery, zina karibu sehemu 600 kwa jumla, na hapo filamu za sinema hazijahesabiwa. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa nia ya kuieleza serikali hiyo tangu kuasisiwa kwake hadi kuanguka kwake. Ilijengwa kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka 50, na waandishi wengi ambao kila mmoja aliongeza chumba kwenye nyumba iliyochorwa na mwingine. Kwa hiyo mtu mwenye jioni mbili tatu tu kwa wiki ana haki ya kuuliza aanzie wapi.

Kipimo changu ni kimoja, nami nakitaja mapema ili asiyekubaliana nacho ajue pa kunipinga. Serikali ya namna hii, inayodai kwamba sayari zake zimejiunga kwa hiari, tabia yake huonekana mlangoni: nani anaombwa au anaomba kuingia, anadaiwa nini kabla hajakubaliwa, na nini humpata anayetaka kutoka. Vita vya merikebu hufanana katika tamthilia zote, lakini mlango haufanani kamwe, na ndiyo maana nauona kuwa mahali bora pa kulinganishia.

Tamthilia ya kwanza ilianza bila serikali yoyote inayoeleweka. Katika sehemu zake za mwanzo mamlaka iliyo juu ya nahodha Kirk hutajwa kwa majina tofauti, na mara nyingine ni wakala wa anga wa Dunia iliyoungana tu, kana kwamba sayari nyingine hazina sauti katika safari hiyo. Neno Shirikisho lilisikika mara ya kwanza katika “Arena”, iliyorushwa 19 Januari 1967, na mwandishi aliyelileta, Gene L. Coon, ndiye aliyewaleta pia Waklingoni, maadui wakuu wa Shirikisho, miezi miwili baadaye. Jina lake kamili lilitamkwa katika “A Taste of Armageddon”, 23 Februari 1967, na mazingira ya kutamkwa kwake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Sayari ya Eminiar VII imeionya merikebu isikaribie. Balozi Fox, aliyepewa kazi ya kupata bandari ya mkataba katika eneo hilo, anamwamuru Kirk aingie hata hivyo, kwa sababu maelfu ya watu wamekwisha kupoteza maisha huko kwa kukosa kituo cha kutia nanga. Maana yake ni kwamba mara ya kwanza tunapoisikia serikali hii ikijitaja kwa jina lake lote, inagonga mlango wa jirani aliyesema hataki mgeni. Waandishi hawakuliona hilo kuwa tatizo la kikatiba, na mwisho wa hadithi unampa Kirk ushindi, lakini anayeangalia leo hawezi kuacha kuliona.

Siasa halisi ilifika Novemba mwaka huohuo katika “Journey to Babel”, iliyoandikwa na D. C. Fontana, na kwangu hii ndiyo saa moja yenye thamani kuliko zote katika misimu hiyo mitatu. Merikebu imebeba wajumbe 114, kati yao mabalozi 32, wanaokwenda kuamua kama sayari ya Coridan ipokewe. Coridan ina utajiri wa dilithiamu, madini yanayoendesha injini za merikebu zote, lakini ina watu wachache na haina ulinzi. Watelari, mojawapo ya jamii wanachama, wanapinga isipokewe, na tunaelewa upesi kwamba wachimbaji wao wananufaika na hali ilivyo. Balozi Sarek wa Vulcan anaunga mkono, kwa hoja kwamba chini ya sheria za Shirikisho utajiri huo utalindwa kwa faida ya wenyewe. Hapo kwa mara ya kwanza wanachama wanaonekana kuwa na masilahi yanayogongana, na uanachama unaonekana kuwa ngao kwa mnyonge. Matokeo ya kikao hatuonyeshwi. Ni zaidi ya miaka 20 baadaye, katika The Next Generation, ndipo kupokewa kwa Coridan kunatajwa, kwa sentensi moja tu, miongoni mwa kazi za maisha ya Sarek.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuipenda tamthilia hiyo, kwa kuwa Uhura, afisa wa mawasiliano, jina lake limetokana na neno letu uhuru, na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, 8 Septemba 1966, Kiswahili kinasikika ndani ya merikebu. Hata hivyo, hatuelezwi kamwe huyu Mwafrika anawakilishwaje katika serikali anayoitumikia. Baraza la Shirikisho na Rais wake havikuonekana kwenye skrini hadi filamu ya nne ya sinema, mwaka 1986, na Rais huyo alionekana hasa ili kumhukumu Kirk. Kwa hiyo ninayemshauri achague tamthilia ya kwanza ni yule tu anayetaka mizizi, naye atosheke na “A Taste of Armageddon” na “Journey to Babel”, kisha aende moja kwa moja kwenye filamu ya sita ya mwaka 1991.

Filamu hiyo, The Undiscovered Country, inastahili nafasi yake. Mwezi wa Waklingoni unaozalisha nishati unalipuka, dola yao inakabiliwa na kifo, na adui wa miaka mingi anaomba amani. Ilitengenezwa wakati Vita Baridi vikimalizika, na haifichi ulinganisho huo. Jambo kubwa kwa mada yetu ni kwamba hatari kwa Shirikisho inatoka ndani: maafisa wake wenyewe wanashirikiana na majenerali wa adui ili mkutano wa amani uvunjike, kwa kuwa hawajui wataishi vipi bila uadui. Mezani, wakati wa chakula, Azetbur binti wa Kansela wa Klingon anawaambia wenyeji wake kwamba Shirikisho lao ni klabu ya wanadamu. Ni shutuma iliyokuwa ikingoja kusemwa kwa miaka 25, na haijibiwi vizuri na yeyote aliyeketi pale.

The Next Generation, ya 1987 hadi 1994, yenye sehemu 178, inaonyesha serikali iliyotulia. Njaa na umaskini vimekwisha duniani, Waklingoni ni washirika, na nahodha Picard ni mwanadiplomasia kabla hajawa askari. Katika filamu ya mwaka 1996 iliyofuata tamthilia hiyo, yeye mwenyewe anataja sayari zaidi ya 150 zilizoenea katika miaka ya nuru 8,000. Mlango sasa una masharti, nayo yanasemwa waziwazi. Katika “The Hunted” serikali ya Angosia inaomba uanachama huku imewafungia kwenye mwezi wa mbali askari wake wa zamani, watu iliowabadilisha miili na akili ili wapigane, kisha ikawaona hawafai kuishi mjini. Picard anakataa kuusuluhisha mgogoro huo kwa niaba yao, anaondoka askari wakiwa wamesimama mbele ya viongozi wao, na ombi linabaki likingoja. Katika “Attached” sayari iliyogawanyika mataifa mawili inaleta ombi la upande mmoja tu, na mwisho wake inaonekana wazi kwamba waombaji wanaoishi kwa hofu na upelelezi namna ile hawajawa tayari.

Hizi ni sehemu nzuri, na “The Drumhead” ya mwaka 1991, ambamo admirali mstaafu anageuza uchunguzi wa ajali kuwa msako wa wasaliti, ni somo la sheria ambalo ningependa kila kijana aliangalie. Lakini udhaifu wa tamthilia hii kwa anayeifuata serikali ni kwamba Shirikisho lenyewe halishtakiwi mpaka mwisho. Anayekosea ni admirali fulani au mwombaji fulani, na mfumo unabaki safi. Ufa unaonekana karibu na kumaliza, Machi 1994, katika “Journey's End”, pale mkataba wa mpaka na Wakadasia unapowaweka walowezi wa Shirikisho upande wa adui, na Picard anaamriwa awahamishe watu kwa nguvu ikibidi. Walowezi hao, wazao wa wenyeji asilia wa Marekani, wanachagua kubaki na kuachana na uraia wao. Amani imepatikana, na bei yake imelipwa na watu ambao hawakuketi mezani. Anayetaka kuona Shirikisho kama lilivyotamani kuwa, hii ndiyo tamthilia yake, na haihitaji kutazamwa kwa mpangilio kwa kuwa sehemu nyingi zinajitegemea.

Deep Space Nine, iliyoanza Januari 1993 na kumalizika 1999, inaanzia mlangoni na haiondoki hapo kwa misimu saba. Sayari ya Bajor imetoka katika ukoloni wa Wakadasia uliodumu kwa takriban miaka 50. Kamanda Sisko anatumwa kwenye kituo cha angani kilichoachwa na mkoloni, na kazi yake rasmi ni kuisaidia Bajor iinuke mpaka iwe tayari kujiunga. Tamthilia nyingine humtembelea mwombaji kwa saa moja na kuendelea na safari. Hii inakaa naye, na ndiyo sababu naiweka juu ya zote. Tunaona serikali ya mpito isiyoelewana, viongozi wa dini wanaogombea mamlaka, wapigania uhuru wa jana waliogeuka mawaziri, na watu wanaouliza kama wamemfukuza mgeni mmoja ili kumkaribisha mwingine mwenye sauti ya upole. Meja Kira, afisa wa Bajor anayefanya kazi bega kwa bega na Sisko, analiuliza swali hilo tangu siku ya kwanza na hana haya nalo.

Masharti ya mlango nayo yanauma zaidi hapa, kwa sababu yanagusa mila za watu tunaowajua. Katika “Accession” ya mwaka 1996 mshairi aliyepotea kwa zaidi ya miaka 200 anarudi, anakubaliwa kuwa mjumbe wa miungu, na anataka Bajor irudie mfumo wake wa kale wa matabaka ambao humpa mtu kazi kwa kuzaliwa. Sisko anaonya kwamba ubaguzi wa namna hiyo utaifungia Bajor mlango, kwa kuwa hati ya Shirikisho hairuhusu. Baadaye mwaka huohuo, katika “Rapture”, hati za kujiunga ziko tayari kutiwa saini, wakuu wamekusanyika, na Sisko, aliyeona maono, anaingia na kuwaambia wasitie saini. Bajor inabaki nje, na kwa kubaki nje inaweza kufunga mkataba wa kutoshambuliana na Dominion, himaya adui inayotawaliwa na viumbe wageuza-umbo, vita vinapokaribia, jambo ambalo lingekuwa haliwezekani kwa mwanachama. Tamthilia inamalizika bila Bajor kupokewa. Wako wanaoona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa uaminifu: nchi iliyojikomboa juzi ina haki ya kuchukua muda wake.

Upande wa pili wa mlango ni Maquis, wale walowezi walioachwa na mkataba wa mpaka, ambao walishika silaha. Msimamo wa Shirikisho ni kwamba hao ni magaidi. Katika “For the Cause”, Mei 1996, Eddington, afisa wa Shirikisho aliyekuwa akiwatumikia Maquis kwa siri, anamwambia Sisko kitu ambacho hakuna mhusika aliyethubutu kukisema kabla yake: kwamba Maquis wanasakwa kwa kosa moja tu, la kuliacha Shirikisho, kwa sababu serikali inayojiona pepo haiwezi kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angetaka kutoka. Sisko hakubali, na hasira yake inaendelea kwa msimu mzima na kumfikisha kwenye maamuzi mabaya. Hapo ndipo picha ya 1967 inapokamilika. Serikali iliyoingia kwa jirani bila ruhusa ndiyo hiyo inayoshindwa kumwachia ndugu aondoke.

Kuna zaidi. “Homefront” na “Paradise Lost”, za Januari 1996, zinampeleka mtazamaji Duniani, ambako bomu limelipuka kwenye mkutano wa kidiplomasia mjini Antwerp na Admirali Leyton anataka hali ya hatari itangazwe. Rais Jaresh-Inyo, ambaye si mwanadamu na anahisi kwamba Dunia si nyumbani kwake, anakubali kwa shingo upande, askari wanajazwa barabarani, damu za raia zinapimwa ili kuwagundua wageuza-umbo wanaojifanya wanadamu. Kisha tunagundua kwamba umeme wa sayari nzima ulizimwa na vijana wa chuo cha kijeshi kwa amri ya admirali mwenyewe, aliyekuwa akiandaa mapinduzi. Maadui wageuza-umbo waliokuwapo duniani walikuwa wanne. Wanne walitosha kuifanya serikali kubwa kuliko zote ijikate mikono yake. Msimu wa sita unaleta Kitengo cha 31, idara ya siri isiyowajibika kwa yeyote, ambayo inawaambukiza viongozi wa adui ugonjwa wa kuwaua wote. Tiba inapopatikana, Baraza la Shirikisho linaamua wasipewe. Uamuzi huo haukufanywa na muasi yeyote, ulifanywa na chombo halali, kwa utaratibu halali, nami sijui tukio jingine katika hadithi hizi zote linaloitia serikali hiyo doa kubwa kuliko hilo.

Baada ya kina hicho, Enterprise ya 2001 hadi 2005 ni nyepesi, na misimu yake miwili ya mwanzo inaweza kurukwa bila hasara kwa mada yetu. Inarudi nyuma, karne moja kabla ya Kirk, kuonyesha jinsi Shirikisho lilivyozaliwa mwaka 2161 kutokana na wanadamu, Wavulkani, Waandoria na Watelari. Msimu wa nne, wenye sehemu 22, ndio unaobeba mzigo. Unaonyesha kwamba waasisi hao walikuwa wakioneana shaka, wengine wakipigania mipaka, na kwamba kilichowaketisha pamoja mwanzoni ni merikebu ya Waromula, dola yenye uhasama nao wote, iliyojigeuza sura ili wagombane. Katika “Terra Prime” kundi la wanadamu wanaochukia wageni linateka mtambo wa Mirihi na kutishia mkutano wa muungano. Jambo hilo linatoa mwanga mpya kwa shutuma ya Azetbur: mlango wa kwanza kufunguliwa kwa shida ulikuwa wa Dunia yenyewe.

Discovery, ya 2017 hadi 2024, inahitaji subira ya namna nyingine, kwa kuwa misimu miwili ya mwanzo inahusu vita na upelelezi. Wa tatu, wenye sehemu 13, unamtupa mtazamaji mwisho wa karne ya 32. Dilithiamu ilipoteza nguvu galaksi nzima kwa mara moja zaidi ya miaka 100 kabla, merikebu zikalipuka na kuangamia, na Shirikisho lililokuwa na wanachama 350 limebaki na 38. Dunia imejitoa na kujizungushia ngao. Vulcan, ambayo sasa inaitwa Ni'Var na kukaliwa na Wavulkani pamoja na Waromula, imejitoa pia, ikiamini kwamba jaribio ililolazimishwa na Shirikisho kuliendeleza ndilo lililoleta maafa. Nilipoangalia msimu huu kwa mara ya kwanza nilisikitika kwa ajili ya serikali ambayo haijawahi kuwapo, na huzuni hiyo ilinifundisha jinsi nilivyokuwa nimeshikamana nayo.

Jibu kwa Eddington linakuja katika msimu wa nne, sehemu iitwayo “All Is Possible” ya mwaka 2021. Ni'Var inakubali kurudi ikiwa mkataba utaipa kifungu cha kutoka wakati wowote. Rais Rillak anakataa, kwa hofu kwamba kila mwanachama atadai hivyohivyo na muungano utakuwa wa jina tu. Nahodha Burnham, aliyelelewa Vulcan, anapendekeza kamati huru itakayosikiliza malalamiko ya wanachama na kupima kama uhusiano bado unawafaa. Si haki kamili ya kutoka, wala si kufuli. Ni mara ya kwanza Shirikisho kukiri kwa maandishi kwamba anayelalamika anaweza kuwa na sababu.

Tamthilia nyingine, Voyager, ambayo wahusika wake wako mbali mno na nyumbani, haisaidii sana hapa. Ile iitwayo Picard, ya mwaka 2020, ina hoja moja nzito, kwamba wanachama 14 walitishia kujitoa ikiwa Waromula wangeokolewa na janga la jua lao, na viongozi wakawatii, lakini hoja hiyo husimuliwa zaidi kuliko inavyoonyeshwa.

Basi uchaguzi wangu ni huu. Mwenye muda aichukue Deep Space Nine yote 176, akivumilia msimu wa kwanza ambao mwendo wake ni wa polepole. Mwenye mwezi mmoja tu aangalie “Journey to Babel”, kisha filamu ya sita, kisha “Journey's End”, “For the Cause” na zile mbili za mapinduzi ya Leyton, halafu misimu ya tatu na ya nne ya Discovery kwa mpangilio wake. Anayependa historia ianzie mwanzo aanze na msimu wa nne wa Enterprise, lakini asimame kwenye “Terra Prime”. Sehemu inayofuata, ambayo ndiyo ya mwisho, inaisimulia siku ya kuasisiwa kwa Shirikisho kupitia macho ya afisa Riker wa The Next Generation anayeitazama kama mchezo wa kuigiza, na hotuba ya nahodha Archer, ambayo misimu minne ilikuwa ikiielekea, inakatizwa kabla haijasikika.